Darubini ya kijani au ya joto kwa boti ya abiria?

SWALI: Assalam aleikum, fundi. Mimi ni nahodha wa boti ya faiba, nabeba abiria kati ya Mokowe na Kizingitini, huku Lamu. Safari zangu ni za mchana, lakini mgonjwa akizidiwa hunibidi kuondoka usiku. Juzi nilipita karibu mno na dau la wavuvi lisilo na taa, Mungu alitusitiri. Mimi na mwenzangu tumechanga fedha za darubini moja tu. Muuzaji ametuonyesha ya usiku yenye picha ya kijani, na nyingine ya joto. Tuchukue ipi? Na hiyo ya joto, ni kweli inaona mtu mita 1,200 kama ilivyoandikwa kwenye boksi?

JIBU: Waalaikum salaam, nahodha. Chukueni ya joto. Ila hizo mita 1,200 zipunguze sana, na baharia wako wa upondo, ule mti wa kusukumia na kupimia kina, abaki pale pale omo, mbele ya boti.

Ile ya kijani huokota mwanga uliopo, wa mwezi, wa nyota au wa taa za mji, ikauzidisha maelfu ya mara na kukurudishia picha. Mbalamwezi ikiwaka utaipenda. Povu linalovunjika juu ya fungu la mchanga au mwamba utaliona, tanga utaliona, na mikoko ya Manda itajitenga na maji vizuri. Lakini giza la mwezi likiingia na mawingu ya kusi yakatanda, haina cha kuzidisha. Picha inajaa chengachenga. Na ukishatoka mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, taa kali za bandari mpya ya Lamu zinaweza kukutandia weupe kwenye picha, dau lililo upande huo likamezwa. Tyubu nzuri ya kuzidisha mwanga, ya kizazi cha tatu, inavumilia zaidi, lakini bei yake ni kubwa kuliko ya darubini ya joto ya kawaida, na kubwa kwa mbali.

Zile za bei nafuu zinazouzwa kwa jina hilo hilo la darubini za usiku ni kamera ya kidijitali yenye tochi ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Shambani zinafaa. Baharini ni hasara tupu: rasharasha inarudisha mwanga wa tochi machoni mwako, na uso wa maji unautupa mbele usirudi.

Ya joto haitaki mwanga. Kila kitu hutoa miale ya joto, nayo husoma ile yenye urefu wa wimbi wa mikromita 8 hadi 14 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Usiku mmoja wa giza nilitoka na mteja tukiwa na zote mbili. Kwa ya kijani tuliona maji na kivuli cha mikoko, basi. Kwa ya joto palikuwa na punje nyeupe, kama punje ya mchele, imekaa juu ya maji. Tuliposogea polepole ikawa watu wawili na seredani katikati yao. Hawakuwasha taa, na mmoja alikuwa amelala. Nadhani wewe ulikutana na wa namna hiyo.

Sasa hesabu ya boksi. Tuseme kihisi chake, kile kinachopokea picha, kina nukta (pikseli) 384 kwa 288, kila nukta mikromita 12, na lenzi ni ya milimita 25. Mita 100 mbele, nukta moja inafunika karibu sentimita 5. Mita 1,200, inafunika sentimita 58 hivi. Mtu aliyesimama wima ana mita 1 na sentimita 80, kwa hiyo kule mbali ni nukta tatu. Muuzaji hakudanganya: kuna kitu. Kama ni mtu, punda au jiwe lililochomwa na jua, hutajua. Na aliyeanguka majini hasimami wima. Anaonyesha kichwa tu, sentimita 20 hivi. Mita 200 kichwa hicho ni nukta mbili. Panga safari zako kwa mita 150, si zaidi.

Usivutiwe na lenzi ndefu. Hiyo ya milimita 25 inakupa upana wa kuona wa nyuzi 10 na kitu, na boti ikiruka kwenye mawimbi utakuwa unatafuta bahari yenyewe iko wapi. Kwa boti naona milimita 19 inatosha, upana karibu nyuzi 14. Uliza pia picha ngapi kwa sekunde. Kuna za picha 9; ukienda kwa kasi ya noti 20, yaani kilomita 37 hivi kwa saa, boti inasogea zaidi ya mita moja kati ya picha na picha, na ukigeuza shingo picha inakuja nyuma yako. Anzia 25.

Haitakuonyesha nini? Fungu lililo chini ya maji, hata liwe kina cha goti. Wavu wa jarife na maboya yake ya dumu tupu, kwa sababu mara nyingi dumu lina joto linalokaribia la bahari. Rangi ya taa ya chombo, nyekundu au kijani: hiyo utaitambua kwa macho yako, maana hata darubini ya kijani hupaka kila kitu rangi moja. Wala haipenyi kioo. Ukiitazamisha kupitia kioo cha mbele cha boti utajiona mwenyewe. Mvua kubwa na ukungu huifunga pia.

Kabla ya yote hayo, nunua utepe unaong'aa na uushone kwenye maboya wanayovaa abiria. Tochi nzuri ikiupiga, unawaka kama jicho la paka. Ni bei ya chai ukilinganisha.

Epukeni kabisa darubini iliyoundwa kufungwa juu ya bunduki. Tuko Lamu, na hata kwa hiyo ya mkononi, waoneni polisi na walinzi wa pwani kabla ya kuagiza, mpate jibu kwa maandishi.

Ukiiwasha utasikia "tk", picha ikaganda kidogo. Wateja huniletea wakisema imeharibika. Hapana, inafunga kope yake ya ndani ijisawazishe. Lenzi yake ni ya madini ya jerimani (germanium), chumvi ikikauka juu yake usiifute kwa ncha ya kikoi. Imwagie maji yasiyo na chumvi kwanza.

Na msilipe kabla ya kujaribu. Jaza dumu la lita 5 maji ya uvuguvugu, uliweke juu ya gati usiku, kisha rudi nyuma na boti. Likikupotea kabla ya mita 100, mrudishie mwenyewe darubini yake.