Maswali Yenu: Mwanachuo Anayeigiza Anadaiwa Nini, na Yeye Adai Nini?

Barua kadhaa kutoka vyuo vya Mtwara na Lindi zimeuliza mambo yanayokaribiana: mwanachuo akishapata uhusika katika igizo la chuo, masharti yepi ni ya haki, yapi ni ya kuonea watu, na yapi hayana mjadala kwa sababu yanahusu usalama. Tumeziweka pamoja. Majina ya waandishi na ya vyuo vyao tumeyahifadhi.

Ukichelewa mara tatu, unatolewa

*Shikamooni wahariri. Niko mwaka wa pili, Mtwara mjini. Wiki ya pili ya mazoezi tulipewa karatasi tusaini: ukichelewa mara tatu unatolewa kwenye igizo. Mimi Jumanne na Alhamisi nina kipindi hadi saa 11 jioni, na mazoezi yanaanza saa 11 hiyohiyo. Je, hii ni haki?*

Marahaba. Sharti lenyewe si baya, ila limekuja siku mbaya. Karatasi ya masharti hutolewa kabla ya usaili, ili anayeona hataweza aage mapema bila lawama. Ikiletwa wiki ya pili, mtu ameshapewa uhusika, ameshaanza kukariri, na anasaini kwa kuwa hana namna.

Lakini bado mnaweza kurekebisha. Mwendee mwongozaji wako faragha, umwombe kila mwigizaji ajaze karatasi ya vikwazo: vipindi, majaribio, ibada, zamu za kazi, safari za nyumbani zinazojulikana. Ukishaandika Jumanne na Alhamisi, kufika kwako saa 11 na robo hakuhesabiwi kosa, kwa sababu ratiba ya siku hizo itaanza na sehemu zisizokuhusu. Kikwazo kisichoandikwa, kama mwaliko wa harusi unaotajwa asubuhi ya siku yenyewe, hicho ndicho kosa.

Ukali wa saa una sababu. Watu 15 wakimsubiri mmoja kwa dakika 20, zimepotea dakika 300, yaani saa 5 za watu. Ndiyo maana makundi yaliyojipanga huita watu dakika 15 kabla ya kuanza: unasaini, unaweka simu kapuni, unakunywa maji, unanyoosha viungo na sauti. Aliyeingia saa 11 kamili huku anahema tayari amechelewa. Na karatasi ya kusaini ashike meneja wa jukwaa, yaani msimamizi wa watu na vifaa, si mwongozaji, kwa maana mwongozaji ni mwepesi kumsamehe mwigizaji wake mahiri na kumkazia asiye na jina. Upendeleo wa aina hiyo huvunja kundi haraka kuliko utoro.

Igizo la saa moja na nusu huhitaji kama wiki 6, siku 5 kwa wiki, saa 2 hadi 2 na nusu kwa siku. Wiki ya 1 ni kusoma mkiwa mmekaa. Wiki ya 2 na ya 3 mnapanga nani asimame wapi, aingie kwa upande gani, aondoke na neno lipi. Andika kwa penseli, maana nafasi hubadilika. Mwisho wa wiki ya 3 skripti zinawekwa chini. Kuanzia hapo ukisahau unasema neno moja tu, “Mstari!”, ukiwa bado ndani ya uhusika, na anayeshika skripti pembeni anakupa maneno matatu au manne. Usiombe radhi, usicheke, usitazame dari. Wiki ya 4 na ya 5 mnapitia igizo zima, na ya 6 ni ya taa, sauti na maleba, yaani mavazi ya jukwaani. Anayetega wiki ya 2 huonekana wiki ya 4, pale anapogongana na wenzake mlangoni kwa sababu hakuwapo njia zilipopangwa.

Jambo la huku kwetu: ratiba iangalie jua. Mwezi wa Mei na Juni magharibi ya Mtwara huingia saa 12 jioni hivi. Januari na Februari jua huchelewa hadi kukaribia saa 1. Mapumziko ya swala yapangwe kwa kufuata hilo, yasiwe jambo la kubishaniwa kila jioni. Ramadhani ikiangukia ndani ya mazoezi, malizeni nusu saa kabla ya kufuturu, na kazi ya ngoma muihamishie usiku baada ya tarawehe. Kumchezesha sindimba mtu aliyefunga, saa 10 za jioni kwenye joto la pwani, ni kumtafutia kuzirai.

Nywele zangu, stara yangu, shavu langu

*Habari za kazi. Meneja wetu amekataza mtu kusuka au kunyoa mpaka igizo lipite. Halafu kuna sehemu ninapigwa kofi na “mume” wangu, na mwenzangu anapiga kwelikweli ili ionekane. Nikilalamika naambiwa sina moyo wa sanaa. Mimi pia navaa hijabu. Naombeni msaada. Mwanachuo, Lindi.*

Dada yetu, haya ni mambo matatu tofauti, na jibu si moja.

La nywele, meneja yuko sahihi. Mhusika akionekana usiku wa kwanza kasuka yebo, wa pili kanyoa, mtazamaji anapotea. Ukitaka kubadilisha, uliza kabla ya kwenda saluni. Wanaume vilevile: ndevu ni sehemu ya mhusika.

Stara hukubaliwa wakati wa usaili. Anayebuni maleba akijua mapema, anakushonea kilemba au mtandio unaomfaa mhusika; akijua siku ya mazoezi ya maleba, mtagombana bure. Wanawake wapimwe vipimo na mwanamke, na vyumba vya kubadilishia viwe viwili. Mahali penye chumba kimoja tu, nyoosheni kamba na mtundike kanga nzito katikati. Hilo nalo liandikwe kwenye masharti, lisiachiwe ustaarabu wa mtu.

La kofi halina mjadala: mwenzako amekosea, na mwongozaji anayemwachia amekosea zaidi. Kofi la jukwaani halimgusi mtu. Hufanywa hivi. Mpigaji anawapa watazamaji mgongo, ninyi wawili mkiwa mbali kwa urefu wa mkono ulionyooshwa na zaidi kidogo. Mnatazamana, wewe unayepigwa ndiye unayetoa ishara kwa macho kwamba uko tayari, na bila ishara hiyo mkono hauendi. Mkono wake unapita mbele ya uso wako, ukiacha nafasi ya shibiri nzima. Hapo hapo wewe unapiga viganja vyako vilivyofichika mbele ya tumbo, ndiyo sauti ya kofi, na kichwa chako kinageuka kufuata njia ya mkono. Fanyeni polepole mara kumi kabla ya kuongeza kasi, na kila siku ya onyesho mrudie nusu saa kabla ya milango kufunguliwa.

Mambo mawili huharibika. Anayepigwa hugeuka mapema, na ukumbi unacheka mahali pa kulia. Au mpigaji hupandwa na mori akisikia watu wanashangilia, anasogea hatua moja mbele. Hatua hiyo moja ndiyo inayopasua midomo, kwa hiyo chorea alama ya chaki sakafuni mahali pa mguu wake.

Mguso wowote mwingine, wa kukumbatiana, kushikana kiuno au kuburutwa, upangwe mbele ya kundi na ubaki vilevile kila siku. Anayeongeza kitu usiku wa onyesho bila makubaliano aandikiwe onyo, hata kama watu walipiga vigelegele.

Tunataka kumleta lipiko

*Igizo letu linagusa jando, na mwenzetu mmoja ana lipiko (kinyago cha kuvaa kichwani) la babu yake. Tulitumie?*

Msianze na swali la mnaweza au hamwezi. Anzeni na la nani mwenyewe. Lipiko la Kimakonde lililokwisha kuchezewa lina wazee wake. Mwenzenu arudi nyumbani akaombe, akiwa na mlezi wa kikundi na siyo peke yake, na aeleze sehemu nzima ya igizo: nani anacheza, mbele ya nani, na kama wanawake na watoto watakuwapo. Wakikataa, shukuruni. Wakiwashauri mchonge lingine la mbao nyepesi au la maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa unga, fuateni. Nyimbo na mafunzo ya ndani ya jando na unyago yabaki kwa wenyewe. Igizo linaweza kuonyesha furaha ya siku ya kutoka bila kufungua yaliyomo.

Kwa mchezaji, kumbukeni lipiko huvaliwa kichwa kizima na anayelivaa huonea mdomoni mwa sura hiyo. Haoni miguu yake, haoni pembeni. Njia yake iwe tupu, bila ngazi wala waya, na awe na mwenzake mmoja wa kumwongoza kuingia na kutoka. Asipewe maneno ya kusema, hayatasikika. Dakika 10 zinatosha kabla hajatoka kupumua na kunywa maji.

Ngoma nazo zina mambo yake. Unyevu wa pwani hulegeza ngozi, na zikilegea hutoa sauti ya dufu. Zikazwe kwa moto wa majani makavu nje, upande upepo unakoelekea, mbali na ukumbi, na mtu mmoja akae na ndoo ya mchanga mpaka moto uzimike kabisa. Mkizikaza saa 12 na onyesho likaanza saa 2 zitakuwa zimelegea tena. Fanyeni hivyo dakika 20 kabla ya kuhitajika.

Mapanga na mikuki

*Tunaigiza Maji Maji. Mikuki ya kweli inaruhusiwa?*

Hapana. Tunajua igizo la vita hivyo lina uzito wake huku, maana vilianzia Umatumbini, Kilwa, mwaka 1905. Hata hivyo chongeni ya mbao, ncha ifunikwe kipande cha ndala na kupakwa rangi ya fedha. Mtu mmoja tu wa vifaa aitoe kwa kuhesabu na kuirudisha kwa kuhesabu. Kifaa kisicho chako hakiguswi, hata kwa utani nyuma ya pazia. Mkuki uliohamishwa hatua mbili ni mwigizaji anayeingia mikono mitupu.

Umeme ulikatika katikati ya igizo

*Mimi ni meneja wa jukwaa. Bwalo letu lina soketi chache. Mwaka jana taa zilizima, watazamaji wakakimbilia mlango mmoja. Tufanyeje safari hii?*

Kwanza, hesabu mzigo. Soketi ya ampea 13 kwenye volti 230 hubeba wati 2,990, si zaidi. Taa ya wati 1,000 huvuta ampea 4.35, kwa hiyo tatu kwenye soketi moja zimeshavuka, hata kabla hamjachomeka spika. Wekeni mbili. Kisha mjue soketi zipi zinatoka kwenye swichi moja: zima swichi moja pale kwenye boksi la umeme, zunguka na chaja ya simu uone zipi zimekufa, andika kwenye karatasi. Soketi nne za ukuta mmoja mara nyingi ni mzigo mmoja. Mkipata taa za LED, shida hii inapungua sana.

Ekstensheni ya kuviringwa ifunguliwe yote hadi mwisho. Ikiachwa imejiviringa, joto linakosa pa kutokea na plastiki inayeyuka. Waya zipite ukutani na zibandikwe kwa utepe kila hatua moja. Magunia ya korosho hupendeza kama ukuta wa nyumba, nasi twayapenda, lakini hushika moto upesi: yakae mita moja au zaidi kutoka kwenye taa. Kibatari na mshumaa halisi msitumie.

Pili, kanuni ya giza, na ifanyiwe mazoezi. Umeme ukikatika, waigizaji wanasimama walipo. Meneja peke yake anazungumza: “Tunaomba mkae, tunawasha.” Watu wawili wenye tochi wanasimama kila mlango, na milango isiyopungua miwili iwe haijafungwa kwa kufuli wala kuzibwa na mabenchi tangu mtazamaji wa kwanza anapoingia. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, na petroli iongezwe ikiwa imezimwa na imepoa. Baada ya dakika 10 bila umeme, meneja ndiye anayeamua kuendelea kwa tochi au kuahirisha, mwongozaji hapindui uamuzi huo.

Kwa kifupi

*Tunaweza kurusha video mtandaoni?* Kwa ruhusa ya mwandishi na ya kila mwigizaji anayeonekana. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, kazi hulindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na kuigiza hadharani kunahitaji ruhusa pia, si kurekodi tu.

*Tukitoka nje ya chuo na kutoza kiingilio?* Nendeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri wiki kadhaa kabla, mkiwa na barua ya chuo na skripti.

*Nimefeli majaribio mawili, nitolewe?* Soma masharti mliyosaini. Kama hayasemi, jitoe mwenyewe kabla ya wiki ya 3, wakati mbadala wako bado ana muda wa kujifunza. Baada ya hapo kaa na mlezi mpange saa za kusoma.

*Onyesho likiisha, nani anavunja seti?* Wote, na wa uhusika mkubwa wa kwanza. Jina lako halifutwi kwenye karatasi ya kusaini mpaka misumari imeng'olewa na kuhesabiwa, maleba yaliyoloa jasho yametundikwa au kufuliwa (usiyafungie kwenye begi, yataota ukungu ndani ya siku mbili), vitu vya kuazima vimerudishwa na mwenyewe kusaini, na meza za bwalo zimepangwa usiku huohuo, kwa kuwa asubuhi wenzenu wanakuja kunywa chai.