Kwa nini sipigi overtime, niwajibu ukweli

Wakubwa shikamooni, wengine habari za siku. Kaka mkubwa kauliza bila kuficha, eti uko Sweden miaka yote hii na nyumba ya Pongwe bado imesimama kwenye lenta, wenzio wanabeba boksi shift mbili wameshapaua, wewe hela unapeleka wapi. Najibu. Hela ya kula na kulipa pango ipo, ya kupaua haraka haipo, na sababu ni watoto, nimeamua kuwa nao sasa hivi wakiwa wadogo.

Huku wazazi wanapewa siku 480 za likizo kwa kila mtoto, baba na mama mnagawana, na humo ndani kuna siku 90 za baba tu, usipozichukua zimepotea, huwezi kumpa mama. Lakini tusidanganyane, siku 390 ndo unalipwa karibu asilimia 80 ya mshahara, zile 90 zinazobaki kwenye hizo 480 ni krona 180 tu, hela ya huku, kwa siku, kwa bei za huku ukishanunua nepi na maziwa hiyo imekwisha. Mimi likizo ilipoisha nikapunguza kazi kwa robo, sheria inaruhusu mpaka mtoto afike miaka 8, na mshahara nao unakatwa robo hiyohiyo. Hapo ndo mabati yenu yalipoenda.

Bongo baba kwa kawaida anapewa siku 3, halafu anarudi kwenye foleni ya Mbagala, anatoka mtoto kalala anarudi mtoto kalala, na simlaumu hata kidogo maana anatafuta ugali wa huyohuyo mtoto. Ila kule kuna bibi, kuna shangazi, kuna dada wa kazi, kuna jirani unamwambia niangalizie huyu nafika dukani mara moja. Huku hakuna mtu. Homa ya saa nane usiku ni mimi na mke wangu, na kuna wiki yeye anatoka zamu ya usiku mimi naingia ya asubuhi tunapishana mlangoni hata kuongea hatuongei, inachosha jamani sio siri. Lakini kwa sababu hakuna mwingine, jino la kwanza nimeliona mimi, hatua ya kwanza nimeiona mimi, sikuhadithiwa.

Na wanakua haraka mno! Desemba saa mbili asubuhi bado giza totoro, mtoto lazima umvalishe lile vazi zima la baridi, buti, kofia, glavu, huyu mdogo nilikuwa namlaza mapajani namwingiza mguu mmoja mmoja. Juzi kanisukuma mkono, anasema mwenyewe! Kahangaika na zipu ulimi nje, tumeshachelewa, nikakaa sakafuni namwangalia tu mpaka ikafika kidevuni. Mkubwa ndo kabisa, tukikaribia shule anauchomoa mkono wake taratibu wenzake wasione. Sasa hiyo miaka nikiiuza kwa overtime naenda kuinunua wapi?

Kinachoniuma ni mama, mjukuu wake amemuona anatambaa kwenye simu. Ndo maana Julai tunakuja wote, tiketi nimeshakata.

Na wewe binamu unayeuliza utangulie mwenyewe halafu familia ifuate ukishajipanga, jamani usikae muda mrefu. Kuna jamaa hapa aliacha mtoto ananyonya, amekuja kumpokea airport ana meno ya utu uzima, anamwamkia baba yake amejificha nyuma ya mama. Wakati wa kuiombea familia kibali cha kuja huku, uhamiaji wanaangalia kipato chako na nyumba yenye nafasi ya kuwatosha, kwa hiyo hela ya kwanza ikiingia tafuta hivyo viwili, gari na kiwanja subirisha, na mama watoto aanze kushughulikia pasipoti na vyeti vya kuzaliwa leo maana navyo vinachukua muda.