Jani la kijani kwenye kopo la rangi

Mwaka jana nilipaka rangi chumba cha juu hapa kwetu Langoni, Lamu, dukani nikaona kopo limechorwa jani la kijani na limeandikwa eti rafiki wa mazingira, bei imezidi kidogo, nikasema haya, nina watoto, wacha nilipe. Wallahi siku nne chumba hakilaliki kwa harufu, madirisha wazi usiku na mchana mpaka mbu wakahamia kabisa. Kumrudia mwenye duka ananambia, "Sasa bibie, jani ni pambo tu, hata leso zina majani."

Fundi wangu, mzee aliyezoea kazi za kijiji jirani cha Shela, ndiye aliyenifungua macho. Aliniletea kopo tupu la nyumba ya Mzungu mmoja, lina lile ua la Umoja wa Ulaya (alama yao ya bidhaa zenye madhara madogo kwa mazingira, ipo tangu 1992) na pembeni namba ya leseni. "Mwanangu, picha achana nayo, tafuta namba." Manake namba ni kwamba kuna mtu mwingine, si kiwanda wala si muuzaji, aliyekagua ile rangi, pamoja na zile kemikali zinazopaa hewani ikikauka. Jani langu lilikuwa limechorwa na kiwanda chenyewe, basi.

Tangu hapo nimekuwa msumbufu madukani. Mbao zenye alama ya FSC (baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu) kwa mfano, 100% ni mbao yote imetoka misitu iliyokaguliwa, Mix imechanganywa, Recycled ni malighafi iliyokwisha tumika, na lazima pawe na FSC-C halafu tarakimu sita, ukiziandika kwenye search.fsc.org unaona ni za nani. Nilijaribu ya kabati moja nililotaka kununua, jina likatoka la kampuni ya karatasi!! Nikaliacha hapo hapo. Lakini boriti zetu za mikoko usizitafutie stika bana, hizo uliza kibali cha KFS, wale wa misitu ya Kenya.

Ile mishale mitatu chini ya ndoo yenye namba 1 mpaka 7 inakwambia aina ya plastiki tu, haisemi kama imetokana na taka wala kama hapa Lamu kuna wa kuichukua. Na ile duara ya mishale miwili kwenye bidhaa za Ulaya ni kwamba kampuni imelipia mpango wa kukusanya vifungashio, huko kwao.

Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, nayo watu huichanganya, ile ni ya ubora, si ya mazingira, ila usiidharau, tuma SM# na namba ya kibali kwa 20023 ujue kama si feki. Friji angalia nyota za EPRA, mamlaka ya nishati, zikizidi ndio tokeni za umeme zinakaa.

Chumba mwishowe fundi alikikwangua siku mbili tukapaka chokaa, haina stika hata moja na harufu hakuna. Lile kopo la jani nimelipandia mrihani, liko barazani.