Maswali na majibu: Je, vyakula vya sukari ni salama kwa mbwa?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Ninaishi Tanga na ninapika maandazi na kaimati za kuuza. Nina mbwa dume wa miaka minne, amehasiwa, na ana uzito wa kilo 10. Kila asubuhi humpa maandazi mawili yaliyobaki jana pamoja na kikombe cha chai ya maziwa iliyopoa, yenye vijiko vitatu vya sukari kama ninavyoinywa mwenyewe. Mama mkwe wangu anasema sukari itamletea minyoo na kumpofusha macho. Mume wangu ana kisukari, hivyo nyumbani tuna biskuti na bigijii zisizo na sukari, nami nimefikiria kumpa mbwa hizo badala ya maandazi. Je, nitakuwa nimefanya vyema?

JIBU: Ndugu msomaji, naanza na sehemu ya mwisho ya swali lako kwa sababu ndiyo isiyoweza kungoja. Bigijii usimpe kabisa, na biskuti hizo usimpe hata moja kabla hujasoma orodha ya viungo iliyo kwenye kifungashio. Nia yako ni njema, lakini kati ya vyote ulivyovitaja, hicho ulichokidhania kuwa salama ndicho kinachoweza kumuua mbwa kabla jua halijatua.

Vyakula vingi visivyo na sukari hutiwa utamu kwa zailitoli, ambayo kwenye kifungashio huandikwa Xylitol au kwa namba E967. Mwili wa binadamu huipokea kwa utulivu, na ndiyo maana imeruhusiwa katika vyakula vya wagonjwa wa kisukari. Kongosho la mbwa huipokea kana kwamba ni sukari halisi iliyoingia kwa wingi, likamwaga insulini nyingi kwa ghafla, na insulini hiyo ikaiondoa sukari iliyokuwa kwenye damu bila ya kuwapo nyingine ya kuifidia. Kwa kawaida dalili huanza ndani ya nusu saa hadi saa moja, ingawa wakati mwingine huchelewa hadi saa kumi na mbili: mbwa hutapika, hulegea, hupepesuka kama mlevi, kisha huweza kuanguka kwa degedege. Takriban gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa inatosha kuishusha sukari ya damu, na kuanzia gramu 0.5 kwa kilo ini lenyewe huweza kuharibika kiasi cha kutopona. Kwa mbwa wako, kipimo hicho cha kwanza ni gramu 1 tu, na bigijii moja ya aina hii huweza kuwa na gramu 0.3 hadi 1. Zailitoli imo pia katika baadhi ya dawa za meno, dawa za maji na siagi za karanga, kwa hiyo mazoea ya kumlambisha mbwa mabaki ya mkebe nayo yanahitaji kusoma kwanza. Stevia na sukralosi hazina sumu ya namna hiyo kwa mbwa, ila sioni haja ya kumpa.

Sasa sukari yenyewe. Sukari ya kawaida si sumu kwa mbwa. Mbwa huonja utamu na huupenda, tofauti na paka, ambaye ulimi wake hauna uwezo wa kuutambua. Paka anayeililia chai yako anafuata maziwa. Wanga wa ngano nao mbwa humeng'enya vizuri. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden walionyesha kuwa mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni la amilasi, kimeng'enya cha kongosho kinachovunja wanga, kuliko mbwa mwitu wa nchi za baridi ambao ndio asili yao. Maelfu ya miaka ya kula makombo ya binadamu yamewaachia alama hiyo mwilini. Kwa hiyo andazi likimdondokea mbwa wako akalidaka, hakuna sababu ya kumkimbiza kwa daktari.

Tatizo lako ni kiasi, na hapa naomba tupige hesabu pamoja. Mbwa aliyehasiwa wa kilo 10, mwenye shughuli za kawaida, anahitaji takriban kilokalori 600 kwa siku nzima. Andazi lenye unga gramu 30, sukari gramu 5 na mafuta gramu 6 yaliyofyonzwa kwenye karai lina kilokalori zipatazo 180. Maandazi mawili ni 360, na vijiko vitatu vya sukari kwenye chai ni karibu 50, kabla hatujahesabu maziwa. Yaani kufikia saa mbili asubuhi amekwisha kula zaidi ya theluthi mbili ya mahitaji yake ya siku, kwa chakula chenye protini kidogo na madini machache, na bila shaka jioni anapewa ugali na dagaa kama kawaida. Kanuni tunayoifuata ni kwamba vitafunwa vyote kwa jumla visizidi asilimia 10 ya mahitaji ya siku. Kwake hiyo ni kilokalori 60, sawa na theluthi ya andazi. Pitisha viganja vyako ubavuni mwake: ikiwa huzigusi mbavu mpaka ubonyeze, amekwisha nenepa.

Mafuta ya kukaangia yananitia wasiwasi kuliko sukari. Mlo wa mafuta mengi, hasa kwa mbwa mnene, huweza kuchochea uvimbe wa kongosho, ugonjwa wenye maumivu makali ambao humfanya mbwa atapike, akatae chakula na kusimama ameukunja mgongo huku tumbo limekaza. Kaimati, zilizozama kwenye mafuta kisha kwenye shira, sitampa mbwa hata nikiombwa. Chai nayo ina mambo mawili: kafeini, ambayo kwa kikombe kimoja ni kidogo lakini haina faida yoyote kwake, na maziwa, ambayo mbwa wengi wazima hushindwa kuyameng'enya vizuri, wakaharisha.

Kuhusu maneno ya mama mkwe, nusu ninayakataa na nusu nampa haki yake. Minyoo haitokani na sukari. Mtoto wa mbwa hupata minyoo ya mviringo tangu tumboni mwa mama yake, na safura huingia kwa maziwa ya mama, kwa mdomo au kwa kupenya ngozi kutoka kwenye udongo wenye vinyesi; mbwa asiyewahi kuonja sukari huwa nayo vilevile, na tiba yake ni dawa ya minyoo kwa ratiba. Lakini upofu haukutoka hewani. Mbwa huugua kisukari kama binadamu, na mbwa wengi wenye ugonjwa huo hupata mtoto wa jicho wakapoteza uwezo wa kuona. Itakuvutia, kwa kuwa mumeo anauguza ugonjwa huo, kujua kwamba uhusiano wa kongosho na kisukari uligunduliwa kwa mbwa: mwaka 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimwondolea mbwa kongosho, na mkojo wake ukawa na sukari. Hata hivyo, kisukari cha mbwa kwa kawaida hutokana na kuharibika kwa seli zinazotengeneza insulini, na kula sukari peke yake hakukileti. Unene huufanya mwili uikaidi insulini, na uvimbe wa kongosho huweza kuziangamiza seli hizo. Kwa njia hizo mbili ndefu, maandazi yako yanaweza kufika machoni. Ukimwona anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mno na kukonda ilhali anakula, mpeleke akapimwe damu na mkojo.

Kwa kuwa unapika biashara nyumbani, nina hofu nyingine ambayo hukuiuliza. Unga uliokandwa kwa hamira ukimezwa mbichi huendelea kuumuka ndani ya tumbo lenye joto, hulitanua, na hutoa pombe inayoingia kwenye damu. Beseni lako la usiku lifunikwe na liwekwe juu. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuua figo za mbwa, na wataalamu sasa wanaelekeza kidole kwenye asidi ya tatariki iliyomo. Asidi hiyohiyo imo kwa wingi katika ukwaju, ambao nao umehusishwa na kufa kwa figo za mbwa, kwa hiyo makapi ya juisi yasitupwe anapofikia. Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno: gramu 100 za chokoleti ya maziwa zinatosha kumtia mbwa wa kilo 10 wasiwasi na kutapika, na ile nyeusi huleta madhara makubwa hata kwa kiasi kidogo kuliko hicho.

Ukipenda kuendelea na desturi yenu ya asubuhi, mpe kipande kidogo cha papai, ndizi au embe lisilo na kokwa, na maji safi badala ya chai. Maandazi yaliyobaki yauze kwa bei ya kiporo.

Na ikitokea akala bigijii au biskuti zile, usimnyweshe maji ya chumvi, mafuta wala maziwa, na usimlazimishe kutapika bila kuelekezwa. Mpigie daktari wa mifugo mara moja, na ubebe kifungashio. Akiwa ameanza kulegea, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye ufizi kwa kidole, kidogo kidogo, bila kummiminia kooni, na uendelee hivyo njiani hadi mfike.