Kwa mnaoanza kitengo cha mionzi: andikeni tarehe

Wadogo zangu, kabla hamjajifunza mashine, jifunzeni ukurasa wa kwanza wa faili. Mgonjwa wa saratani ya matiti iliyofika kwenye ubongo, anayepata tiba ya kinga (dawa za kuamsha kinga ya mwili ishambulie saratani) na huku tunamchoma mionzi ya kulenga uvimbe tu, ukurasa huo uwe na siku ya dripu ya mwisho, siku ya mionzi na dozi ya kila uvimbe, na miligramu za deksamethasoni, dawa ya steroidi, anazomeza leo.

Nilijifunza kwa mama mmoja aliyerudi miezi saba baada ya mionzi. Kichwa kinamgonga, mkono wa kulia umelegea, kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. MRI ikaonyesha doa linalong'aa palepale tulipochoma, kubwa kuliko la awali. Tukasema saratani imerudi. Mimi nikaanza kumtafutia nafasi ya kuchomwa tena. Bingwa wetu akauliza, "Alichomwa lini? Pembrolizumabu ya mwisho lini?" Pembrolizumabu ndiyo dawa yake ya kinga. Kimya. Tarehe moja ilikuwa kwenye faili letu, nyingine wodini. Kumbe ilikuwa tishu iliyokufa kwa mionzi, na tiba ya kinga inaweza kuyachochea madhara ya namna hiyo. Kwa dawa, doa likanywea wiki baada ya wiki. Tungemchoma tena tungemwumiza vibaya.

Maumivu ya kichwa yana sababu nyingine pia. Kinga ikiamshwa huweza kuishambulia tezi ya pituitari, ile ndogo chini ya ubongo inayoongoza homoni: mgonjwa anachoka, presha inashuka, sodiamu inashuka. Pimeni homoni ya kortisoli mapema.

Deksamethasoni nayo inataka akili. Inapunguza kuvimba kwa ubongo, lakini dozi kubwa inaweza kuilaza kinga ileile tunayoiamsha. Mpeni ratiba ya kupunguza, na mwambieni asiache ghafla.

Na msiwaahidi makubwa. Ushahidi mwingi wa kuunganisha tiba hizi umetoka kwenye melanoma (aina ya saratani ya ngozi) na saratani ya mapafu. Kwa matiti bado ni mchache. Pembrolizumabu yenyewe, saratani ikishasambaa, hutolewa pamoja na kemo kwa aina isiyo na vipokezi vya homoni wala protini ya HER2 kwa wingi, tena ambayo kipimo cha protini ya PD-L1 (alama ya CPS) ni kuanzia 10.

Mgonjwa akirudi mkoani kwao, mpeni nakala ya ukurasa ule aende nayo mkononi. Akiumwa kichwa usiku, daktari wa zamu kule hana faili letu.