Kwanza mwambieni anadaiwa kiasi gani

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: aliyemaliza adhabu yake arudishiwe haki ya kupiga kura? Swali linaloniuma ni jingine: nani anajua kwamba ameimaliza?

Florida, Marekani, walishalijibu la kwenu. Tarehe 6 Novemba 2018 karibu asilimia 65 ya wapiga kura walikubali kubadili katiba ya jimbo, na watu waliokadiriwa kuwa milioni 1.4 wakafunguliwa mlango wa kupiga kura wakimaliza adhabu, isipokuwa waliotiwa hatiani kwa mauaji au makosa makubwa ya ngono. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likatunga sheria: adhabu haijaisha mpaka mtu amelipa faini, gharama za mahakama na fidia zote zilizomo kwenye hukumu.

Hilo silibezi. Fidia ni sehemu ya hukumu, na aliyeibiwa naye ana haki yake. Alipe.

Ila alipe ngapi, na amuulize nani? Hapa Tanzania ukidaiwa na serikali unapewa kontro namba, unaiingiza kwenye simu, deni linaonekana na jina lako. Florida ina kaunti 67, kila moja na karani wake wa mahakama na mafaili yake. Mwaka 2020 suala hili lilifika mbele ya Jaji Robert Hinkle wa mahakama ya shirikisho. Ushahidi mmoja ulihusu mtu mmoja tu, mwenye hukumu chache za zamani. Meneja wa fedha katika ofisi ya karani wa kaunti na wasaidizi wake, ambao uzoefu wao ukijumlishwa unapita miaka 100, walitumia saa 12 hadi 15 kupekua kumbukumbu wapate deni lake. Jibu walilipata, lakini bado kulikuwa na tarakimu zisizooana ambazo hawakuweza kuzieleza. Hao ndio wenye funguo za masjala! Watafiti nao walifuatilia kumbukumbu za watu 153 waliowahi kutiwa hatiani. Ni 3 tu ambao taarifa zao hazikupingana.

Tatizo liko kwenye hesabu yenyewe. Kinachozuia kura ni kiasi kilichoandikwa kwenye hukumu. Nyongeza za baadaye hazihesabiwi. Lakini deni likikabidhiwa kwa wakala wa kukusanya madeni, anaruhusiwa kuongeza ada yake hadi asilimia 40. Mtu akilipa dola 100, ngapi zimepunguza deni la hukumu na ngapi zimeishia kwa wakala? Stakabadhi ya miaka 20 iliyopita haimsaidii.

Na fomu ya kujiandikisha husainiwa kwa kiapo. Kuapa uongo kwa makusudi ni kosa jipya la jinai, hadi miaka 5 jela na faini ya dola 5,000. Asiye na uhakika na deni lake ataiacha fomu mezani, hata kama hadaiwi senti.

Hinkle aliamua kwamba asiye na uwezo wa kulipa asizuiwe. Septemba 2020 mahakama ya rufaa ikatengua, majaji 6 kwa 4.

Nilipoanza barua hii nilikuwa upande wa deni kwanza. Sasa nasema akitoka gerezani apige kura, na deni lidaiwe kama madeni mengine yanavyodaiwa. Kwa waliotiwa hatiani kwa mauaji bado nasita. Na jimbo likishikilia kwamba deni lazima litangulie, basi limkabidhi mtu karatasi yenye tarakimu moja, iliyogongwa muhuri, siku anayotoka. Likishindwa kuitoa ndani ya siku 30, jina lake liingie daftarini.