Tachi mbovu haichagui pa kugusa: trojani ilivyoniumbua fundi mzima hapa Mwanza

Mkuu mleta uzi, umeuliza mawili: trojani ina tofauti gani na kirusi cha kawaida, na kama ile antivairasi ya bure uliyoweka kwenye simu inatosha. Waliotangulia wamekujibu kwa mkato, "usipakue vitu ovyo". Sawa, ila sijawahi kuona mtu anayepakua kitu huku akijiambia kwamba anapakua ovyo. Ngoja nikusimulie kilichonikuta kibandani kwangu Kirumba, majibu yako yamo humohumo.

Mwaka jana mama mmoja anayeuza dagaa pale mwaloni aliniletea simu. "Fundi, hii simu imerogwa. Inajibonyeza." Nikaishika. Nikaingia kwenye mipangilio, mara kioo kikaruka chenyewe kurudi mwanzo. Nikarudia, kikaruka tena. Miaka tisa ya ufundi, kidole kinaamua kabla ya kichwa: tachi imekufa. Na simu za mwaloni nazijua, zinakula vumbi la dagaa na unyevu wa ziwa kutwa nzima. Nikambadilishia kioo, elfu sitini na tano, tukaagana vizuri.

Siku ya tatu asubuhi huyo hapo, hata salamu hakumaliza. Simu iko vilevile, na sasa kuna kubwa zaidi: watu wa kamati ya harusi wanampigia kuuliza kama ni kweli anaazima laki moja, "nitarudisha jioni". Ujumbe umetoka WhatsApp ya kwake, na yeye hajaandika neno. Wawili walikuwa wameshatuma.

Nikamwomba aniachie simu. Nikafungua kikokotoo, nikaiweka mezani bila kuigusa: imetulia. Kamera: imetulia. Nikaandika meseji ndefu ya kijinga, hakuna herufi iliyoruka. Nikaingia kwenye mipangilio, sehemu ya programu: ikaruka. Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Tachi mbovu haichagui pa kugusa. Hii ilikuwa inachagua, na ilichokuwa inakataa ni mimi kufika mahali pa kuiondoa.

Nikamuuliza kama kuna kitu alifungua. "Hapana." Kila mteja husema hapana, na hadanganyi. Nikaenda kwenye vipakuliwa, nikakuta faili jina lake Kadi_ya_Mchango, mwishoni ina herufi tatu, APK, yaani faili la kusakinisha programu kwenye Android. Ilikuja na ujumbe kutoka namba ngeni: "Shikamoo mama, kadi ya mchango wa harusi hii hapa, fungua uone jina lako." Mwezi ule alikuwa na kadi tatu za kweli mkononi. Hiyo ya nne angeishtukiaje? Alipobonyeza, simu ikamuuliza kama anaruhusu kusakinisha kutoka chanzo hiki. Akaruhusu. Ikataka kusoma meseji, akaruhusu. Ikataka ruhusa ya ufikivu (Accessibility), akaruhusu. Mwisho ikataka kuwa msimamizi wa kifaa. "Nilidhani ndivyo kadi za siku hizi zilivyo," akaniambia.

Sasa jibu la swali lako la kwanza. Kirusi hujipachika kwenye faili nyingine na kujizalisha. Mnyoo hutambaa wenyewe kutoka kifaa hadi kifaa. Yale madude ya kwenye flashi za steshenari yanayoficha kazi zako na kukuachia njia za mkato, mengi ni ya ukoo huo. Trojani haijizalishi. Inakaa imevaa nguo za kitu unachokisubiri, inangoja wewe mwenyewe uibebe uiingize ndani. Jina limetoka kwenye kisa cha Wagiriki na farasi wa mbao: watu wa Troya walimvuta wenyewe wakampitisha lango la mji, na tumboni kuna askari.

Na mchezo huu ni wa zamani kuliko simu janja. Mwaka 1989 mtu mmoja anaitwa Joseph Popp, msomi wa biolojia kutoka Marekani, aliwatumia watu kwa posta diski kama 20,000 zenye lebo ya maelezo kuhusu UKIMWI. Sisi wa kanda ya ziwa, ambako wagonjwa wa kwanza nchini walionekana Kagera mwaka 1983, hatuhitaji kuambiwa uzito wa habari hizo kwa miaka ile. Programu ilifanya kazi kweli, ikakuuliza maswali na kukupa ushauri. Kimyakimya ilikuwa inahesabu kompyuta imewashwa mara ngapi. Ikifika mara 90 inavuruga majina ya mafaili yote na kukutaka utume dola 189 kwenye sanduku la posta Panama. Diski ya UKIMWI na kadi ya mchango ni mama mmoja baba mmoja.

Turudi kwenye ile ruhusa ya ufikivu, maana ndiyo moyo wa jambo hili kwenye Android. Iliwekwa kwa nia njema: mtu asiyeona asomewe kilichopo kwenye kioo, na asiyeweza kubonyeza abonyezewe. Ukiipa trojani, umeipa jicho na kidole. Inasoma kodi za uthibitisho zinapoingia. Ukifungua programu ya benki inaweza kutandaza ukurasa wa uongo juu yake, ukaandika namba ya siri ukidhani uko benki. Inajipa yenyewe ruhusa zilizobaki. Na ukienda kuifuta, inabonyeza "rudi" kabla yako. Yule mama alikuwa sahihi kuliko mimi: simu ilikuwa inajibonyeza kweli.

Tulivyoitoa. Kwanza hali ya ndegeni, Wi-Fi nayo nikahakikisha imezimwa. Laini nikaichomoa nikaiweka kwenye kitochi, ili kodi yoyote ije huko ambako hakuna wa kuisoma. Kwa kitochi hichohicho akapiga huduma kwa wateja, akaunti ya pesa ikasimamishwa, namba ya siri ikabadilishwa. Hili lifanye kabla hujaanza kuhangaika na simu yenyewe. Mafundi wengi, mimi nikiwemo, tunakimbilia kifaa na kusahau hela. Kisha nikaiwasha simu kwa hali salama (kwenye nyingi unashikilia kitufe cha kuzima, halafu unakandamiza neno "Zima" mpaka ikuulize). Humo programu za kupakua hazifanyi kazi, kwa hiyo kile kidole kilikuwa kimekatwa. Nikaikuta imejiita kama kitu cha mfumo, haina hata picha. Kitufe cha kuiondoa kimefifia, kwa sababu ni msimamizi wa kifaa. Nikaivua usimamizi, nikaivua ufikivu, ikafutika. Tukahamisha picha zake, halafu nikairudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, kwa kuwa sikuwa na moyo wa kuamini kwamba iliingia peke yake. Nywila za barua pepe na Facebook alibadilishia kwenye simu ya bintiye. WhatsApp tuliisajili upya kwa kodi iliyofika kwenye kitochi, mwizi akatoka saa hiyohiyo, ila alikuwa ameshaweka namba yake ya ziada ya ulinzi, ikabidi mama asubiri siku 7 ndipo aingie. Ile namba iliyomtumia kadi tuliiripoti 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Antivairasi yako? Iache kama ni ya kampuni inayojulikana na umeitoa kwenye duka rasmi. Lakini usiilalie mlango wazi. Nyingine zinazojitangaza kwa "simu yako ina virusi 13, safisha sasa" ndizo trojani zenyewe. Simu yako tayari ina Play Protect, mlinzi wa Google anayekagua programu. Angalia kama imewashwa. Kikubwa zaidi nenda sehemu ya ruhusa maalumu, tafuta orodha ya programu zinazoruhusiwa kusakinisha nyingine, uzime zote: WhatsApp, kivinjari, kidhibiti cha mafaili. WhatsApp haina sababu yoyote ya kusakinisha kitu. Kisha angalia ufikivu. Kama huna tatizo la macho wala mikono na kuna jina usilolijua limewashwa hapo, una mgeni. Kuanzia Android 13 simu inaibania ruhusa hii programu iliyotoka nje ya duka, na matapeli wanajua, ndiyo maana siku hizi mwingine anakutumia na video ya kukuelekeza namna ya kufungua. Mtu anayekuelekeza kulegeza ulinzi wa simu yako ili uone kadi, unahitaji ushahidi gani tena?

WhatsApp za kuchonga, zile za rangi rangi na kusoma meseji zilizofutwa, najua mtanipinga. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni ya kutengeneza antivairasi, walikuta trojani iitwayo Triada ndani ya toleo la FMWhatsApp. Na Triada hiyohiyo, Google walithibitisha mwaka 2019 kwamba iliwahi kupenyezwa kwenye baadhi ya simu za bei ndogo kabla hazijatoka kwa mtengenezaji. Kwa hiyo simu mpya ya bei ya kutupa, jina lake halijui hata muuzaji, mimi siweki akaunti ya benki humo.

Kwa kompyuta sina mengi. Washa uonyeshaji wa mikia ya majina ya mafaili, ili "risiti.pdf.exe" isikujie kama "risiti.pdf". Na vifungua-leseni vya bure vya Windows: kile nilichowahi kuweka mimi kiliniambia nizime antivairasi kwanza, nikazima kwa mkono wangu, na kwa wiki ile nywila zote nilizohifadhi kwenye kivinjari zikaondoka. Usihifadhi humo za benki. Nakala za kazi zako weka kwenye diski unayoichomoa ukimaliza.

Ile elfu sitini na tano nilimrudishia mama kwa awamu mbili. Kioo chake cha kwanza bado ninacho kwenye droo, kizima, hakina hata mchubuko.